Shajara ya mradi: Dar hadi Rwanda kwa gari, na vijana wawili wa sekondari

Januari. Tarehe na umri

Mradi ni huu: watu wanne kutoka Dar es Salaam, baba, mama, msichana wa miaka 17 wa kidato cha tatu na mvulana wa kidato cha pili anayetimiza miaka 15 katikati ya Mei. Tunakwenda Kigali, Kinigi karibu na mji wa Musanze kuwaona gorila wa milimani, Karongi ufukweni mwa Ziwa Kivu, kisha nyumbani. Gari ni la familia.

Kabla ya kugusa bajeti tumeandika tarehe za kuzaliwa za kila mtu kwenye karatasi moja, kwa sababu kwa safari ya aina hii umri ndio unaopanga mambo mengine yote. Kibali cha kuwaona gorila hapewi mtu aliye chini ya miaka 15. Kinachohesabiwa ni umri siku ya kupanda mlima, na pasipoti hukaguliwa asubuhi ile ile pale Kinigi. Anayetimiza 15 wiki moja baadaye atabaki chini, hata kama ana urefu wa kumpita baba yake. Kwa familia yenye mdogo wa miaka 12 au 13, mzazi mmoja lazima abaki naye, na siku hiyo iandaliwe ratiba yao: mapango ya Musanze yenye urefu wa kilomita 2, au mtumbwi kwenye maziwa ya Burera na Ruhondo. Kumwacha mtoto hotelini na simu kutwa nzima si ratiba.

Tarehe: wiki ya pili ya Juni. Shule zimefungwa, na kiangazi cha Rwanda kinachoanza Juni kimeshaingia, kwa hiyo njia za mlimani hazina tope jingi. Likizo fupi ya Aprili tumeikataa. Ni msimu wa mvua, na kuanzia tarehe 7 Aprili Rwanda ina wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994, ambapo shughuli za burudani husimama. Ni wiki ya heshima kwa wenyeji, haifai kuivamia na mipango ya matembezi.

Jambo la kushughulikia mapema: kidato cha pili na cha nne wana mitihani ya taifa mwishoni mwa mwaka, na shule nyingi huweka kambi ya masomo ndani ya likizo ya Juni. Barua ya kuomba ruhusa imepelekwa kwa mwalimu mkuu mwezi huu huu. Ikipelekwa Mei, kambi itakuwa imeshapangwa na michango imeshalipwa.

Februari. Pasipoti na karatasi za watoto

Kenya, Uganda na Rwanda zinawaruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania abebe pasipoti. Ada ni Sh 150,000 kwa kila mmoja: Sh 20,000 ya fomu na Sh 130,000 ya kitabu. Kwa aliye chini ya miaka 18, maombi yanasimama juu ya cheti cha kuzaliwa cha RITA, vitambulisho vya taifa (NIDA) vya wazazi na ridhaa yao. Akishafika 18 anahesabiwa mtu mzima na anahitaji namba yake mwenyewe ya NIDA, na hapo ndipo familia nyingi hukwama, kwa sababu kijana amejiandikisha juzi tu na namba haijatoka. Mwenye kijana wa 17 na nusu amwombee pasipoti sasa.

Kinachochelewesha zaidi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha shule kina matatu, kitambulisho cha baba kimeandikwa kwa herufi tofauti. Tumeyapanga yote mezani na kusoma herufi kwa herufi. Palipotofautiana, hati ya kiapo kwa wakili imetengenezwa kwanza, maombi yakafuata. Jina litakaloingia kwenye pasipoti ndilo litakaloandikwa kwenye kibali cha gorila, kwa mpangilio ule ule.

Kama mzazi mmoja hasafiri, au kuna mpwa au binamu kwenye msafara, iandikwe barua ya ridhaa ya wazazi wake, igongwe mhuri wa wakili, na iambatane na nakala za vitambulisho vyao na cheti cha mtoto. Maofisa wa mpakani huuliza kwa sababu ya usafirishaji haramu wa watoto, na wana haki ya kuuliza. Humgeukia kijana mwenyewe: unakwenda wapi, huyu ni nani yako? Kijana ajibu kwa mdomo wake. Mjomba akijibu kwa niaba yake, maswali yanaongezeka.

Chanjo ya homa ya manjano: cheti huulizwa mipakani, na chanjo huanza kuhesabika baada ya siku 10. Tangu 2016 cheti kinadumu maisha yote, hivyo vya zamani vilivyoandikwa mwisho wa miaka 10 bado ni halali. Vinne vimepigwa picha, na nakala za karatasi zimewekwa kwenye bahasha tofauti na pasipoti.

Machi. Vibali vya gorila

Vimelipiwa. Hiki ndicho kipengele kinachofungwa kwanza, kabla ya vyumba, kwa sababu kila kundi la gorila hutembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku, kwa saa moja tu. Nafasi za Juni hadi Septemba huondoka mapema.

Bei zinatofautiana sana kwa uraia. Mgeni wa kutoka mbali hulipa dola 1,500 kwa kichwa, bei iliyowekwa 2017. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ana bei yake ya dola 200. Kwa familia hii ni dola 800 badala ya 6,000, na tofauti hiyo ndiyo iliyoufanya mradi uwezekane. Wenye ndugu walioko Ulaya au Marekani wasome hapa kwa makini: kinachoangaliwa ni pasipoti. Binamu aliyezaliwa Houston na mwenye pasipoti ya Marekani atalipa bei ya mgeni, hata kama bibi yake anaishi Tandika na Kiswahili chake kimenyooka. Ni bora ajue Machi kuliko kuambiwa akiwa ameshanunua tiketi.

Kibali kina tarehe moja na hakihamishwi kwa jina la mtu mwingine. Mwenye mafua au kikohozi haruhusiwi kupanda, kwa kuwa magonjwa yetu ya njia ya hewa yanawaambukiza gorila. Kwa sababu hiyo siku ya Kinigi imewekwa katikati ya safari. Vijana waliotoka bweni huja nyumbani na mafua ya bweni, na siku chache za mwanzo huwapa nafasi ya kupona.

Aprili. Gari na bima

Huu ndio mwezi mzito.

Kadi ya gari: lazima iwe ya asili, si nakala. Gari likiwa na mkopo, kadi iko benki, kwa hiyo iombwe barua ya benki inayoruhusu gari kutoka nchini, ikitaja namba ya usajili, namba ya chasisi, nchi na tarehe. Gari likiwa kwa jina la mtu mwingine, hata mke au kaka, dereva awe na barua ya idhini iliyothibitishwa na wakili. Gari la kampuni nalo linahitaji barua yenye mhuri.

Bima: bima kubwa ya Tanzania, ile ya kulipia gari lako mwenyewe, huishia mpakani isipokuwa kampuni iongeze eneo kwa maandishi. Yellow Card ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, ni kitu kingine. Inauzwa na kampuni za bima hapa nyumbani, Tanzania imo kwenye mpango huo ingawa si mwanachama wa COMESA, nayo inalipia madhara utakayomsababishia mtu mwingine. Bati la gari lako haligusi. Tumechukua vyote viwili. Kwenye Yellow Card hakikisha kisanduku cha Rwanda kimewekwa alama na tarehe zinavuka siku ya kurudi angalau kwa siku tatu, maana gari likiharibika Musanze siku ya mwisho, kadi iliyoisha haitakusaidia kutoka.

Umbali: Dar hadi Kigali ni karibu kilomita 1,500. Kwenda na kurudi 3,000, na ndani ya Rwanda tumeweka 550. Gari lililopakia watu wanne na mizigo tumelihesabia kilomita 9 kwa lita, hivyo lita 395, na akiba ya asilimia 10 inafika 435.

Fundi amekabidhiwa orodha: oili na chujio vibadilishwe hata kama kilomita hazijafika, breki zipimwe mbele na nyuma, mkanda wa injini ukaguliwe nyufa, maji ya rejeta yawe ya kupozea injini na si ya bomba. Tairi tano, pamoja na la akiba, zisomwe tarehe: tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye kashata nzuri lakini la miaka minane hupasuka likishika lami ya moto ya Singida. Kwenye buti: pembetatu mbili, kizimamoto, sanduku la huduma ya kwanza, jeki na spana ya nati zilizojaribiwa, pampu ya umeme, fyuzi za akiba, balbu mbili za taa kubwa, lita 5 za maji ya rejeta.

Kisha upande wa barabara. Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda wanaendesha kulia, na gari letu lina usukani kulia. Hapo kuna mambo mawili yanayohitaji maandalizi. La kwanza, taa za gari hili zimetengenezwa kumulika zaidi kushoto, na ukihamia kulia mwanga huo unaingia machoni mwa anayekuja. Kipande cha plasta nyeusi kinabandikwa kwenye kioo cha taa, na la msingi zaidi hakuna kuendesha usiku ndani ya Rwanda. La pili, ukiwa nyuma ya lori, dereva wa usukani wa kulia haoni kitu mbele. Anayeona ni aliyekaa kushoto. Kiti hicho si cha kulalia. Msichana wa miaka 17 amepewa kazi hiyo, na wiki hii wamefanya mazoezi kwenye barabara ya Bagamoyo ya namna ya kusema: neno moja tu la “subiri” au “wazi”, halafu dereva aamue. Hakuna “nadhani”, hakuna kuelekeza kwa kidole. Na dereva asipite kwa neno la msaidizi peke yake. Asubiri mahali ambapo yeye mwenyewe anaona.

Mei. Vyumba, pesa, na kazi za vijana

Hoteli nyingi humhesabu mwenye miaka 12 na kuendelea kuwa mtu mzima. Chumba cha familia kwenye tangazo mara nyingi ni kitanda kikubwa na godoro la mtoto, na kijana wa 15 hatoshi hapo. Tumeomba vyumba viwili vinavyopakana, kila kimoja na vitanda viwili, na jibu limekuja kwa maandishi. Mama na binti, baba na mwana. Kahama na Dodoma kigezo ni kimoja zaidi: maegesho yenye mlinzi.

Bajeti imegawanywa katika mafungu, na fungu la chakula limeongezwa theluthi moja juu ya makadirio ya watu wazima. Vijana wa umri huu hula. Rwanda kuna mlo wa mchana unaoitwa mélange: unalipa bei moja, unajipakulia mara moja tu. Sahani ikijaa vizuri ni chakula cha kutwa. Mishikaki ya mbuzi na viazi inapatikana kila mahali. Familia za Kiislamu ziulize kabla ya kuagiza, kwa kuwa nguruwe wa kuchoma, akabenz, anapendwa huko, na zijue kwamba Nyamirambo, Kigali, ndiko kwenye misikiti ya zamani na migahawa ya halali.

Kazi zimegawiwa rasmi, zikaandikwa. Binti ni msaidizi wa dereva na mshika karatasi mpakani. Kijana wa kiume ni mhasibu: daftari lenye safu tatu, shilingi, faranga na dola, na hesabu inafungwa kila usiku kabla ya kulala. Mhasibu ana mamlaka ya kweli. Akisema fungu la vinywaji limekwisha, limekwisha hata kwa baba. Kazi ya kubuni tu, ya kumfanya kijana ajione ana shughuli, huigundua siku ya kwanza na kuiacha siku ya pili. Aidha kila mmoja amechagua nusu siku moja ambayo wazazi hawatabadilisha. Binti amechagua soko la Kimironko na vitambaa, kijana amechagua kupanda mtumbwi Karongi.

Simu: laini ya Rwanda hununuliwa kwa pasipoti. Moja ya bando kubwa inatosha, igawiwe wote kwa hotspoti. Ramani za nchi nzima zimepakuliwa kabla ya kutoka, maana kati ya Singida na Nzega kuna vipande visivyo na mtandao.

Juni, wiki ya kwanza. Kufunga mizigo

Kila mtu begi moja laini, si sanduku. Masanduku magumu manne hayaingii kwenye buti lenye tairi la akiba na vifaa. Kwa mlimani, kwa kila mmoja: suruali ndefu nzito, soksi ndefu za kuingizia suruali ndani, viatu vilivyokwisha kuvaliwa angalau mwezi, koti la mvua hata kama ni kiangazi, glavu za bustani kwa ajili ya upupu, barakoa mbili, chupa ya maji ya lita 2. Sweta nene pia, kwani Musanze iko mita 1,850 juu ya bahari na Kinigi ni juu zaidi. Kijana wa Dar atasema hahitaji sweta. Lipakiwe.

Mifuko ya plastiki haiingii Rwanda tangu 2008. Si ya kubebea tu, hata ile ya kufungia viatu na sabuni ndani ya begi. Mifuko ya kitambaa imeshonwa kwa fundi cherehani.

Ukaguzi wa mwisho wa habari za afya na usalama umefanywa. Si jambo la kupuuza kwenye njia hii. Rwanda ilitangaza mlipuko wa Marburg, homa hatari ya virusi, Septemba 2024, ukamalizika Desemba. Januari 2025 ugonjwa ukatangazwa Biharamulo, wilaya tunayopita, ukaisha Machi. Tangazo kama hilo likitoka, safari inaahirishwa, na ndiyo maana vyumba vimechukuliwa vya aina inayoruhusu kufutwa. Pia deni la faini za barabarani limeangaliwa kwenye mfumo wa polisi na kulipwa lote.

Njiani kwenda

Siku ya kwanza Dar hadi Dodoma, karibu kilomita 450. Ni fupi kwa makusudi, kwani kutoka Dar na kufika Morogoro tu kunakula asubuhi. Siku ya pili Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, karibu 550. Vijijini mwendo ni 50, na matrafiki wenye tochi hukaa pale ambapo kibao cha 50 kimefichwa na mti. Faini ni Sh 30,000 kwa kosa. Msaidizi wa dereva anataja kila kibao kwa sauti, na hadi Kahama hakuna faini.

Siku ya tatu ndiyo ngumu. Kahama hadi Kigali ni karibu 500, na mpaka uko katikati. Kuondoka ni saa 11 alfajiri. Kuanzia Nyakanazi, Lusahunga na kuendelea, malori ya shehena ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapanga foleni kwenye vilima. Mafuta yajazwe Kahama.

Karibu na Ngara kuna Benako. Tumesimama hapo dakika chache kwa sababu ya kule tunakokwenda. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania kwa muda wa siku moja, na Benako ikageuka kuwa moja ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Kijana akilijua hili kabla ya kufika Kigali, anafika akielewa kwamba historia ile ilimwagikia nchini kwake pia.

Rusumo ni kituo cha pamoja. Ukielekea Rwanda husimami upande wa Tanzania. Unavuka daraja la Mto Kagera na kumalizia yote upande wa pili, dirisha la kutoka na la kuingia yakiwa jengo moja. Mpangilio uliofanya kazi: wote wanne Uhamiaji kwanza, kila mmoja na pasipoti yake mkononi, kisha meza ya afya, kisha dereva peke yake forodhani na kadi ya gari, leseni na Yellow Card kupata kibali cha muda cha gari. Soma tarehe kwenye kibali hicho kabla ya kuondoka dirishani. Maporomoko yako chini ya daraja na mkono wa kijana unakwenda kwenye kamera wenyewe. Hapana. Daraja, askari na majengo ya mpakani havipigwi picha bila ruhusa.

Hapo hapo barabara inahamia kulia. Hatari haiko kwenye kilomita za mwanzo, dereva akiwa macho na gari la mbele likimwongoza. Iko unapotoka kituo cha mafuta kwenye barabara tupu, mwili unapokwenda kushoto kwa mazoea. Kila tunapoingia barabarani msaidizi anasema “kulia”. Kibandiko chenye mshale kimewekwa kwenye dashibodi, nacho kinasaidia.

Saa pia inarudi nyuma saa moja. Simu hujibadilisha, saa ya gari na ya mkononi hazibadiliki. Tumezibadilisha wakati ule ule, tukiwa bado Rusumo.

Kamera za mwendo za Rwanda madereva wenyeji wanaziita Sofia. Zipo nyingi, na alama za 60 na 40 ni za kweli. Kutoka Rusumo hadi Kigali, karibu kilomita 160, weka saa tatu.

Kigali

Siku ya kwanza nzima haina kengele. Vijana wamelala hadi saa nne, na hilo lilikuwa kwenye ratiba.

Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari, Gisozi, yaliyofunguliwa 2004, ni mahali walipozikwa zaidi ya watu 250,000. Kuingia ni bure, kifaa cha kusikiliza maelezo kinalipiwa. Tumetenga asubuhi, bila kitu kizito mchana. Chumba cha watoto ndicho kigumu kuliko vyote: picha ya mtoto, jina, chakula alichokipenda, namna alivyouawa. Kijana aambiwe mapema kwamba chumba hicho kipo, na kwamba anaweza kukaa nje bustanini bila kuulizwa sababu. Asilazimishwe kuzungumza akitoka. Mazungumzo yalikuja yenyewe usiku, wakati wa hesabu.

Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017. Kimironko na Nyamirambo kinatosha kwa biashara yote. Kwenye ofisi hutumika zaidi Kinyarwanda na Kiingereza. Binti ameongoza ununuzi, mhasibu amelipa. Bodaboda hubeba abiria mmoja na kofia ngumu ni lazima, kwa hiyo watu wanne ni boda nne. Sisi tumetumia teksi.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni Umuganda, kazi ya jamii kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, na barabara hazipitiki. Ratiba yetu haikuigusa, ila anayepanga aiangalie.

Kinigi

Usiku uliotangulia kila mtu kitandani saa 3. Kuamka saa 11. Kufika makao makuu ya hifadhi kabla ya saa 1 asubuhi kwa saa za Rwanda, pasipoti mkononi.

Hapo makundi hupangwa, na unaweza kusema uwezo wenu. Familia ikinyamaza, inaweza kupangiwa kundi la gorila lililo mwendo wa saa nne juu. Kijana wa miaka 15 mwenye pumzi anatamani mbali. Goti la mzazi linaamua karibu. Tumesema wastani. Kutoka makao makuu hadi mwanzo wa njia kila kundi linakwenda na gari lake, na njia ni ya mawe. Gari dogo la chini halifai. Aliye nalo apatane usiku uliotangulia na dereva mwenye gari la kupanda milima. Mpagazi mmoja kwa mabegi mawili ni pesa iliyotumika vizuri. Ananyoosha mkono penye utelezi, na ni kipato cha kijiji.

Chakula na maji vinaachwa kwa wapagazi kabla ya kuwafikia gorila. Barakoa juu. Umbali ni mita 10, na gorila akisogea yeye, unarudi nyuma taratibu bila kugeuka. Simu bila mwanga wa kamera. Mwanga huo uzimwe chini kabisa, kwa kila simu, kwa kuangalia na si kwa kuuliza. Dakika 60 ni fupi. Pendekezo lililofanya kazi: kumi za kwanza bila simu.

Mchana, aliyebaki na nguvu apite kwenye kampasi ya Dian Fossey Gorilla Fund hapo Kinigi, iliyofunguliwa 2022. Utafiti wa Karisoke, kituo alichokianzisha Dian Fossey kuwachunguza gorila, ulianza 1967, na maonyesho yanaeleza kazi hiyo kwa namna ambayo mwanafunzi wa baiolojia wa kidato cha tatu anaifuata bila shida.

Karongi

Njia fupi kutoka Musanze inapita Rubavu, mji unaopakana na Goma ya Kongo. Tangu mapigano ya Goma ya Januari 2025 kipande hicho kinaamuliwa asubuhi ile ile kwa kuuliza hoteli na polisi. Njia ya akiba ni kurudi Kigali na kupita Muhanga, ndefu zaidi, nayo ndiyo tuliyoitumia. Kona za kushuka Kivu ni nyingi, na anayesoma simu kiti cha nyuma atatapika. Simu kwenye begi, dirisha nusu wazi, tangawizi ya kutafuna.

Kwenye mtumbwi ni jaketi la kuokoa maisha kwa kila mtu, lililofungwa vifungo vyote kabla ya kuondoka gatini, ikiwemo kwa anayejua kuogelea. Ziwa liko mita 1,460 juu ya bahari na maji yake ni baridi kuliko ya Kigamboni, na misuli hukaza haraka. Jioni wavuvi hutoka na mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakiimba, kwenda kuvua sambaza. Dagaa hao asili yao ni Ziwa Tanganyika. Walipandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtu wa Kigoma atawatambua sahani ikifika.

Kurudi na kufunga hesabu

Usiku mmoja Kayonza, ili mpaka ufikwe asubuhi. Rusumo, mpangilio ni ule ule kwa kugeuza: unavuka, unamalizia yote upande wa Tanzania. Kibali cha muda cha gari lazima kifungwe forodhani na risiti ichukuliwe. Kisipofungwa, gari litasomeka bado liko Rwanda, na safari ijayo litazuiwa. Plasta ya taa ikabanduliwa hapo, mshale wa dashibodi ukatolewa, na kwa saa ya kwanza msaidizi anasema “kushoto”.

Matumizi dhidi ya bajeti: mafuta yamebaki ndani ya akiba, chakula kimezidi licha ya theluthi iliyoongezwa, laini ya simu imetumika mara mbili ya makadirio kwa sababu video zilikuwa zikipanda mtandaoni usiku. Toleo lijalo la bajeti liweke bando la kila kijana peke yake, likiisha limeisha.

Yaliyobaki: gari kwa fundi, breki na vibao vya chini vikaguliwe kwa sababu ya mawe ya Kinigi. Homa yoyote ndani ya wiki tatu ipimwe malaria, na daktari aambiwe mmetoka wapi. Nakala za barua za wakili na risiti ya forodha zipo kwenye bahasha ya kijani, pamoja na pasipoti.